Pierre Jaquet-Droz, fundi wa saa aliyeimbisha kandege ka chuma



Ku namba hii tunataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Jina lake ni Pierre Jaquet-Droz. Alikuwa fundi wa saa kule Uswisi. Wengine watauliza: mambo ya fundi wa saa wa Ulaya yatatusaidia nini, sisi wanafunzi wa Lubumbashi? Ngojeni kidogo. Mtu huyu alisoma masomo ya kuwa pasta, kisha akashika tupa na nyundo. Hapa kwetu, kijana akifanya vile, wajomba wote wanakusanyika kumuuliza kama amerogwa. Njo maana tunaandika.

Tuanze na kitu chenyewe. Uwazie kasanduku kadogo ka dhahabu ama ka feza, sawa kale ka kuwekea tumbako ya kunusa, urefu wake karibu sentimita 10. Unasukuma kapini kamoja pembeni. Mara kafuniko kanafunguka juu, na kandege kanasimama, kadogo sawa ncha ya kidole gumba. Kanageuka huku na huku, kanapiga mabawa, kanafungua mdomo, kanaimba sawa ndege wa mu pori. Kiisha sekonde 20 hivi kanalala, kafuniko kanajifunga, yote inanyamaza. Hakuna umeme, hakuna bateri. Mu karne ya 18 wafalme walilipa makuta mingi juu ya kuona jambo hili. Ateliye ya Jaquet-Droz njo ilikuwa kati ya zile za kwanza kutengeneza tusanduku twa namna hii.

Mtoto wa mlimani

Pierre alizaliwa tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 1721 ku La Chaux-de-Fonds, mu milima ya Jura. Fasi ile iko karibu mita 1000 juu ya bahari. Lubumbashi yetu iko karibu mita 1200. Lakini musifikiri ni baridi moja. Sisi tunatetemeka asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, saa sita tunavua tena koti. Kule teluji inafunika mashamba kwa miezi mingi, na zamani mlimaji alibaki paka ndani ya nyumba.

Wakati ule Neuchâtel, jimbo la Pierre, haikukuwa bado sehemu ya Uswisi. Tangu mwaka 1707 mfalme wa Prussia njo alikuwa mkubwa wake. Kwa dini, watu wake walikuwa Waprotestanti, tangu muhubiri Guillaume Farel alipoleta Matengenezo ya Kanisa mwaka 1530.

Walimaji wa Jura walitafuta kazi ya kufanya wakati wa teluji. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja wa jirani, Daniel JeanRichard, alipewa saa ya mfukoni iliyoharibika, ya mchuuzi wa farasi aliyekuwa anapita. Aliifungua, akaitazama kitu kwa kitu, akaitengeneza. Kisha akatengeneza ingine ya kwake mwenyewe. Watu wanapenda kuongeza chumvi mu hadithi sawa hii. Lakini JeanRichard alikuwako kweli, akafa mwaka 1741, na alifundisha vijana kazi ya saa mu milima ile. Pierre alipokua, mu nyumba mingi za walimaji mulikuwa meza mbele ya dirisha, na juu ya meza mulikuwa tumagurudumu twa shaba njano. Shaba njano ni shaba, ile tunayoijua hapa Katanga, wakiichanganya na zenki.

Kutoka teolojia kufika ku tupa

Wazazi wa Pierre waliweza kumlipia masomo. Alikwenda ku mji wa Basel, akajifunza filozofia na hesabu. Alijifunza pia teolojia ku Neuchâtel. Njia yake ilikuwa wazi mbele yake: kanzu nyeusi, mimbari, heshima ya kijiji chote. Hata hivyo, karibu na mwaka 1738, akarudi nyumbani na akakaa mbele ya meza ya saa.

Hapa tusikose kuelewa. Hakufukuzwa ku masomo, na hakutupa mabuku yake. Alishuka nayo mpaka ku mikono. Saa ni hesabu iliyokatwa ndani ya chuma. Gurudumu lenye meno 64 likisukuma dogo lenye meno 8, lile dogo litazunguka mara 8 wakati kubwa linazunguka mara moja. Ukikosea jino moja tu, saa itadanganya kila siku. Mtu asiyejua hesabu atakata meno sawa alivyoonyeshwa na baba yake, hawezi kuvumbua saa mpya. Na yule anayejua hesabu paka ku karatasi, hatakuwa na saa hata moja. Pierre alikuwa na vyote viwili, na njo siri yake ya kwanza.

Mwaka 1750 alioa Marianne Sandoz. Walizaa binti, Julie, mwaka 1751, na mtoto mwanaume, Henri-Louis, mwaka 1752. Furaha haikudumu. Mwaka 1755 Marianne alifariki, watoto wangali wadogo. Pierre hakuoa tena. Akaendelea na kazi, na kati ya magurudumu yake akakomalisha wale watoto. Alimpokea pia mtoto wa jirani, Jean-Frédéric Leschot, aliyezaliwa mwaka 1746, akamlea na kumfundisha sawa mtoto wake. Mushike jina lile la Leschot, litarudi mbele.

Safari ya siku 49

Saa za Pierre zilikuwa nzuri kupita makuta ya watu wa milimani. Nani angezinunua? Gavana wa Neuchâtel, Mscotland anayeitwa George Keith, akampa shauri la kuzipeleka kwa mfalme wa Hispania. Mwaka 1758 Pierre akatengeneza gari la farasi la kipekee, saa zisivunjike mu njia mbaya, akapakia saa 6, akaondoka pamoja na baba-mkwe wake na mfanyakazi mmoja. Walifanya siku 49 mu njia. Yeyote aliyekwisha kusafiri na loli wakati wa mvua, na vyombo vya kuvunjika juu ya magoti, anaweza kuwaza moyo wake.

Kufika Madrid, bahati haikuwangojea ku mlango. Malkia alikuwa mgonjwa, na alikufa mwezi wa 8 wa mwaka ule. Wageni wakakaa miezi wakingoja. Kwa mwisho mfalme Ferdinand wa 6, akiwa na huzuni yake, akaona zile saa. Moja ilikuwa na mchungaji wa kondoo anayepiga filimbi, na imbwa anayelinda kikapu cha matunda. Ukigusa tunda, imbwa analia mpaka ulirudishe.

Watu wakaogopa. Hispania wakati ule ilikuwa na baraza la kanisa la kuhukumu wachawi na wazushi, na mgeni huyu alikuwa Mprotestanti tena. Inasimuliwa kwamba wakubwa wengine wa nyumba ya mfalme walifanya alama ya msalaba na kukimbia, wakisema ndani muko shetani. Inasimuliwa pia kwamba Pierre hakujitetea kwa maneno mingi. Aliomba mkubwa wa baraza lile aje mwenyewe, akafungua saa mbele yake, akamuonyesha gurudumu kwa gurudumu kama hakuna kitu kingine ndani paka shaba, chuma na kazi ya mikono.

Hatuwezi kuapa kama mambo yalipita vile neno kwa neno. Lakini tunajua kwamba Pierre alirudi nyumbani mwaka 1759 akiwa mzima, na pistole 2000 za dhahabu, ndiyo makuta makubwa sana kwa fundi wa kijiji. Ile saa ya mchungaji imechungwa ku nyumba ya mfalme kule Madrid.

Tuseme ukweli, ndugu zangu: hapa kwetu pia neno la bulozi liko karibu na mdomo. Kijana akitengeneza radio kwa vyuma vya kuokota, wengine wanasema ana kitu. Mtu akifanikiwa, ana kitu. Hadithi ya Madrid inatuonyesha jibu la fundi: fungua, onyesha, eleza. Mwenye kuficha kazi yake njo anawapa watu sababu ya kuogopa.

Watoto watatu wa mbao na shaba

Kwa makuta ya mfalme, Pierre sasa aliweza kufanya kazi aliyoitaka, na hakuwa peke yake. Henri-Louis na Leschot walikuwa wamekomaa. Kuanzia karibu mwaka 1768 mpaka 1774 watu hawa watatu walitengeneza sanamu tatu zinazojiendesha.

Ya kwanza ni Mwandishi, mtoto mwenye kukaa ku meza. Anachovya manyoya ya bata ku wino, anayakung'uta kidogo, anaandika herufi kwa herufi, na macho yanafuata mkono. Ndani yake muko vipande karibu 6000. Ku mgongo muko gurudumu moja la kuchagulia herufi: unaweza kubadilisha maneno mpaka alama 40, bila kujenga sanamu upya. Kwa sababu ile, watu wa siku hizi wanaosoma historia ya ordinatere wanamutaja kati ya mababu zake.

Ya pili ni Mchoraji, anayefanya picha nne na kalamu, na mara kwa mara anapuliza vumbi ku karatasi. Ya tatu ni Mpiga-muziki, msichana anayefinya kweli vinanda vya ogani kwa vidole vyake, na kifua chake kinapanda na kushuka sawa mtu anayepumua. Mwaka 1774 watu walikuja La Chaux-de-Fonds kuziona. Mwaka 1775 zilifika Paris, mbele ya mfalme Louis wa 16 na malkia Marie-Antoinette.

Mwingine atasema: yote ile ni mchezo wa matajiri tu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini musikie jambo hili. Kule Paris mulikuwa kijana, Alexandre Grimod de La Reynière, aliyezaliwa mikono yake imelemaa. Henri-Louis na Leschot, waliojifunza kuongoza vidole vya sanamu, walimtengenezea mikono ya kuvaa. Kijana yule akaweza kuandika, na kiisha akawa mwandishi wa mabuku anayejulikana Ufaransa yote. Ufundi uliofurahisha wafalme njo uliomsaidia mlemavu kushika kalamu.

Namna gani kandege kanaimba?

Sasa turudi ku kandege. Mbele ya ile, mafundi walitumia ogani ndogo, yenye mrija mmoja kwa kila sauti: sauti 10, mirija 10. Kitu kile hakiwezi kuingia mu kasanduku ka mfukoni. Tena sauti zake zinaruka kutoka moja mpaka ingine sawa mtu anayepanda ngazi. Ndege wa kweli haimbi vile, sauti yake inateleza.

Chukua chupa tupu, upulize juu ya mdomo wake: sauti ni nzito. Tia maji kidogo, upulize tena: sauti imepanda. Tia maji mingi: imepanda zaidi. Fasi ya hewa ikipunguka, sauti inakuwa nyembamba. Ateliye ya Jaquet-Droz na Leschot ilitumia sheria ile. Waliweka kafilimbi kamoja tu, na ndani yake kakijiti kanachoingia na kutoka sawa pistoni mu motere. Kakiingia, sauti inapanda. Kakitoka, inashuka. Kakienda polepole, sauti inateleza sawa ndege kabisa.

Nani anakasukuma? Resori unayoikaza na ufunguo. Resori inazungusha magurudumu, na magurudumu yanaendesha vitu viwili. Cha kwanza ni kifuko kidogo cha kupuliza hewa, sawa mivukuto ya mfua chuma. Cha pili ni visahani vya shaba njano, ambavyo pembeni yao imekatwa mabonde na vilima. Kamukono kamoja kanapita juu ya vilima vile na kusukuma kile kijiti. Kamukono kengine kanafungua na kufunga hewa, tupate kimya kati ya sauti. Tungine tunafungua mdomo, tunapiga mabawa, tunageuza kichwa. Wimbo wote umeandikwa pembeni ya visahani, na fundi aliukata na tupa, akisikiliza, akipunguza kidogo, akisikiliza tena. Akipunguza kupita kipimo, chuma hakirudi, ni kuanza upya. Tunaojua kufuta na gome ku kayee, tufikiri jambo hili.

Tusanduku twa kwanza twa namna hii tulitoka mu miaka ya 1780. Tulipita mikono ya wachuuzi wa London na kufika mpaka China, kwa sababu wakubwa wa kule walipenda sana saa na ndege za kuimba. Wafundi wa Genève waliweka rangi za moto juu ya dhahabu, maua na picha, mpaka kifuniko peke yake kilikuwa kazi ya kustaajabisha.

Mwisho wa mzee

Henri-Louis alikuwa ameongoza ateliye ya London. Karibu na mwaka 1784 alikuja kukaa Genève juu ya afya yake, na kazi ikaendelea kule pamoja na Leschot. Mzee Pierre alikufa ku mji wa Biel tarehe 28 mwezi wa 11 mwaka 1790, akiwa na miaka 69. Hata mwaka moja haujatimia, Henri-Louis naye akafa ku Napoli, mwezi wa 11 mwaka 1791. Alikuwa na miaka 39 tu. Kule Ufaransa mapinduzi yalikuwa yameanza mwaka 1789, kisha vita vikafuata. Wafalme wenye kununua ndege za dhahabu, wengine walikatwa vichwa, wengine walitafuta makuta ya kulipa askari.

Kama Pierre angefundisha paka mtoto wa tumbo lake, kazi ingekufa mwaka ule ule. Lakini Leschot alikuwako, yule mtoto wa jirani. Aliendelea mpaka kifo chake mwaka 1824. Na wafundi waliofanya kazi kwa ajili ya nyumba ile, sawa Jacob Frisard na ndugu wa familia ya Rochat, walijua siri ya kafilimbi, wakaitengeneza kwa jina lao. Kisha familia ya Bruguier ku Genève, kisha Bontems ku Paris. Ku kijiji cha Sainte-Croix, mu milima ile ile ya Jura, nyumba ya Reuge iliendeleza tundege mpaka wakati wetu.

Na zile sanamu tatu? Zilizunguka inchi mingi, zikauzwa na kuuzwa tena. Mwaka 1906 chama cha historia cha Neuchâtel kilizinunua, na tangu mwaka 1909 ziko ku muze ya mji ule. Wanaziendesha bado mbele ya watu. Mwandishi anachovya manyoya yake ku wino sawa mwaka 1774.

Sisi je?

Wapenzi wasomaji, wakati Pierre alikuwa anakata magurudumu yake, hapa Katanga wababu zetu walikuwa wanayeyusha shaba na kumwanga misalaba iliyotumika sawa makuta. Hatukuanza jana kujua chuma. Na hata leo, tembea mu kartiye yoyote: utaona mtoto wa miaka 9 anaendesha motoka ya waya aliyojitengenezea, na magurudumu yanageuka kona sawa kweli. Kisha mtoto yule anafika ku sekondari, na tunamfundisha bila kusema kwamba mikono ni ya wale walioanguka ku egizamini. Saa ya kuchagua seksio, wengi wanakimbia mekanike kwa sababu ya mafuta ku mashati. Na wale wa mekanike wanakimbia hesabu, wanasema wao ni watu wa mikono.

Pierre Jaquet-Droz hakukubali kugawanya mtu vile. Alitoka ku buku la teolojia mpaka ku tupa, na hakuona kwamba ameshuka. Mu muji wetu muko wafundi wa saa wanaokaa pembeni ya barabara na lupu ku jicho, kameza kadogo mbele yao. Siku moja ukitoka ku masomo, usimame pale. Umwamkie mzee yule na heshima, umuombe akufungulie saa moja, uhesabu meno ya gurudumu kubwa na ya dogo, ugawanye. Ukirudi nyumbani, chukua chupa na maji, na ujaribu ile sheria ya kafilimbi.

Na kama kadogo wako anakuomba waya juu ya motoka yake, umutafutie. Kisha umuulize meno mangapi yatafaa.